Nembo Ni Deni

Mnunuzi mzoefu anayeteremka kutoka Nyanchwa kwenda kutafuta viatu vya mtumba katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, ana utaratibu wake. Anakikunja kiatu kuona kama soli itapasuka. Anaingiza mkono hadi kwenye ncha, anapapasa kama bitana imechanika. Anaukagua uzi, anauvuta ukingo kuona kama gundi imeachia. Kisha, hata akiwa ameridhika kabisa, anakigeuza kiatu kutafuta nembo. Isipokuwepo, anaomba kupunguziwa. Ikiwepo, na ikiwa ya kampuni inayojulikana duniani, muuzaji hashuki bei kirahisi. Hapo kuna swali linalostahili kufikiriwa: ikiwa mkono umekwisha kuujua ubora, nembo inaongeza nini?

Wapo wanaojibu upesi kwamba haiongezi kitu, na kwamba kupenda vifaa bora ni majivuno tu. Sikubaliani nao. Gusii yenyewe, eneo la mji huu wa Kisii, ina historia inayotufundisha kuheshimu kiatu. Julai 1954, mwanariadha wetu Nyandika Maiyoro alikimbia maili tatu bila viatu katika uwanja wa White City, London, akamaliza wa tatu nyuma ya Waingereza wawili, Fred Green na Chris Chataway, ambao siku hiyo waliivunja rekodi ya dunia. Miaka miwili baadaye alikuwa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne. Tunaisimulia habari hiyo kwa fahari, na tunastahili. Lakini tusiifanye kuwa hoja kwamba kiatu si kitu. Yobes Ondieki, mwana mwingine wa Gusii, alipokuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mjini Oslo tarehe 10 Julai 1993, alikuwa amevaa viatu vya misumari. Na Januari 2020, Shirikisho la Riadha Duniani liliamua kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40, wala isiwe na zaidi ya bamba moja gumu ndani yake. Kitu kisichokuwa na nguvu hakiwekewi mipaka.

Kifaa bora kinastahili kupendwa kwa sababu nyingine pia, ambayo haihusiani na ushindi. Aliyeshona mara mbili pale panapochanika kwanza amemfikiria mtu ambaye hatamwona kamwe. Ameujali mguu wa mgeni. Mchuma chai wa Kebirigo anayeingia shambani na umande wa alfajiri anajua tofauti ya gambuti zilizoundwa na mtu aliyejali na zile zinazovuja kabla msimu haujaisha. Kwa hiyo kukithamini kifaa kizuri ni kuupokea uangalifu wa mtu mwingine, na asiyeweza kushukuru kwa jambo hilo amepungukiwa kitu katika utu wake.

Tatizo linaanza tunapouliza shukrani hiyo iende kwa nani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitosha pale jembe lilipovunjika na mkulima akajua njia ya kwenda kwa mhunzi aliyelifua. Mhunzi alikuwa jirani, na ujirani wake ulikuwa dhamana. Kiatu cha Daraja Mbili hakina dhamana ya aina hiyo. Kinaweza kuwa kimeshonwa Vietnam, kikavaliwa Ujerumani, kikaingia Mombasa ndani ya robota, kikafika Kisii bila mtu wa kuulizwa. Katika umbali huo nembo ilipata kazi ya halali: inasimama mahali pa mhunzi aliyejulikana. Inamwambia mnunuzi kwamba waliotengeneza hiki ndio waliotengeneza kile kilichomdumu. Kampuni ya viatu ya Bata ilianzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, katika nchi tunayoiita Cheki leo. Hata hivyo, kwa kuwa ina kiwanda Limuru na viatu vyake vyeusi vya shule vimevumilia tope la vizazi kadhaa, Wakenya wengi wanaihesabu kuwa yao. Imani hiyo haikuletwa na matangazo peke yake. Ilijengwa na watoto waliokwenda shule kwa miguu.

Nembo, basi, ni ahadi, na ahadi humfunga aliyeitoa. Hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Kampuni inapobandika jina lake kwenye kiatu, yenyewe inakuwa mdaiwa na mnunuzi anakuwa mdai. Sisi tumelipindua jambo hilo. Kijana anakopa ili alivae jina, kana kwamba yeye ndiye mwenye deni kwa kampuni. Wengine wananunua feki inayoumiza kidole, mradi alama ionekane kwa mbali. Feki imetuthibitishia kwamba jina linaweza kutembea peke yake, ubora ukibaki nyuma.

Ukitaka kujua jina linapata wapi uzito, angalia alama ya Nike. Ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro, kwa malipo ya dola 35. Baadaye kampuni ilimzawadia hisa, lakini hata hisa hizo hazielezi thamani iliyofikiwa na mchoro ule. Thamani ilitoka kwa wanariadha walioshinda wakiwa wameuvaa, Wakenya wakiwemo, na kwa wafanyakazi wa viwandani walioshona viatu vya kampuni hiyo. Wafanyakazi hao walikuwa wakilipwa vibaya kiasi kwamba, Mei 1998, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Phil Knight, alikubali hadharani mjini Washington kwamba bidhaa zake zilikuwa zikitajwa sambamba na ujira wa kitumwa. Aliahidi kupandisha umri wa chini wa kuajiriwa na kuwaruhusu wakaguzi wa nje kuingia viwandani. Hakufika hapo kwa hiari. Waandishi wa habari, wanafunzi na watetezi wa wafanyakazi walikuwa wamemdai kwa miaka. Na waliweza kudai kwa sababu kulikuwa na jina la kulishika. Kiwanda kisichojulikana hakiaibiki. Ndiyo maana siungani na wanaotaka tuyachukie majina makubwa yote; jina ndilo mpini ambao mdai anaushika.

Sisi watu wa Gusii tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili, kwa kuwa tunatengeneza ubora mwingi usio na jina letu. Majani mawili na chipukizi ya chai yanayochumwa kwa mkono Nyamira yanaingia kiwandani, yanapelekwa kwenye mnada wa Mombasa, unaofanyika huko tangu 1969, kisha mengi yanachanganywa na chai ya kwingineko na kuuzwa chini ya majina yasiyoitaja Nyamira hata mara moja. Mwaka 2022 kampuni ya Unilever ilikamilisha kuiuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai, pamoja na jina la Lipton, kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC kwa bei ya yuro bilioni 4.5. Mkulima mwenye ekari moja hawezi kuuza jina, kwa sababu hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa nalo. Tabaka nako, huku huku Gusii, mwanamume anachonga jiwe, mwanamke analisugua kwa msasa na maji hadi ling'ae, na kinyago kinafika kwenye duka la Ulaya kikiwa hakina jina la yeyote kati yao.

Atasema mtu kwamba maneno haya ni ya wenye nafasi, kwamba maskini anachukua anachokimudu. Naona kinyume. Anayenunua kiatu kibovu mara tatu kwa mwaka amelipa zaidi ya aliyenunua kizuri mara moja, na kila mara amebaki na miguu yenye maji. Maskini ndiye mwenye haki ya kwanza ya kudai kitu kinachodumu, na ndiye anayeumia zaidi ahadi inapovunjwa.

Kwa hiyo ukinunua, mkono wako utangulie na nembo ifuate. Kiatu kikiwa kizuri, kipende bila haya, na umkumbuke aliyekishona. Kikiwa kibovu na kina jina kubwa, kirudishe, sema, andika, wadai wenye jina. Na viwanda vya chai vya Nyamira pamoja na wachongaji wa Tabaka waweke majina yao juu ya kazi zao, wawe tayari kuulizwa na kulipwa kwa majina hayo. Heshima ni ya aliyetengeneza. Aliyeweka jina analo deni, na deni hulipwa.