Je, Mwenzako Amepumzika?



Mwezi wa pili rafiki yangu mmoja, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, aliniomba twende tupande Mlima Homa. Yeye ni mwalimu hapa Kisumu, ana mke na watoto watatu. Nilishangaa kidogo, maana si mtu wa matembezi. Lakini nilikuwa na siku ya mapumziko, nikakubali. Haya ninayowaandikia, yeye na mkewe wameniruhusu niyaandike.

Tulipanda matatu alfajiri, tukapita Ahero na Katito, tukaiacha Kendu Bay nyuma, na saa mbili unusu tulikuwa chini ya mlima. Wengi wenu mmeuona mkiwa katika barabara ya kwenda Homa Bay. Zamani za kale ulikuwa volkano, na hata leo kuna chemchemi za maji moto chini yake. Kilele chake kina mita 1,751 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi, kwa hiyo anayeanzia ufuoni ana zaidi ya mita 600 za kupanda. Si Mlima Kenya, lakini jua la kando ya ziwa mnalijua, na vivuli ni vichache.

Rafiki yangu ana miguu mirefu na kifua cha mchezaji mpira. Mkoba wenye maji na chakula alikuwa nao yeye. Dakika kumi hazikupita, alikuwa amekwisha kunitangulia. Hakunitupa, la. Kila alipofika penye kivuli aliketi, akaningoja. Nami nikipanda nikihema, jasho likiniingia machoni, nikimwona ameketi, moyo wangu ulifurahi: sasa nitapumzika. Lakini kila nilipomfikia aliinuka, akanipa mafundo mawili ya maji, akasema, "Haya, Padre, twende." Yeye alikuwa tayari. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne.

Saa sita tulifika juu. Ghuba ya Winam ilikuwa imetandazwa chini yetu, magugu maji yakielea kama mikeka ya kijani. Upande wa mashariki, kwa mbali, mabati ya Kendu Bay yalikuwa yakimetameta. Rafiki yangu aliyatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mke wangu yuko kule kwao. Hii ni wiki ya tatu."

Ndipo nilipojua kwa nini tulikuja.

Akaanza kuhesabu. "Silewi. Simpigi. Karo imelipwa. Nilipomaliza diploma yangu nilimngoja naye asome, nikangoja miaka. Nilipotaka tununue shamba, nilimngoja akubali. Siku zote ni mimi ninayengoja. Naye aniambia amechoka! Amechoshwa na nini?"

Nikamuuliza, "Leo umeningoja mara ngapi?"

"Mara nne."

"Na mimi nimepumzika mara ngapi?"

Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akauteremsha mkoba mgongoni, akauweka chini.

Ndugu msomaji, utasema padre ajua nini juu ya ndoa. Ni kweli, sina mke. Lakini asubuhi ile niliwekwa mahali pa mke wa rafiki yangu, nikajifunza jambo ambalo seminari haikunifundisha: kungojwa si sawa na kupumzishwa. Anayetangulia akingoja, anapumzika yeye. Anayekuja nyuma anafika wakati safari inapoanza tena.

Tazama nyumbani mwako. Mume amerudi kazini, amekula, ameketi na gazeti lake. Anamngoja mkewe aoshe vyombo na kuwalaza watoto. Saa nne mke anaketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mume, aliyekwisha kupata nguvu, anaanza: "Mama watoto, tuseme habari za ule mjengo." Yeye aona anamshirikisha mipango. Mke asikia, "Haya, twende."

Wala si waume tu. Mke amepandishwa cheo mwaka ule ule mume amepunguzwa kazini. Anamngoja achangamke, na jioni ile ya kwanza anapomwona anacheka, anamletea orodha ya madeni. Au wamefiwa na mtoto. Mmoja amelia, amefarijika, anataka nyumba irudi kama zamani. Mwenzake ndiyo kwanza machozi yanaanza. "Nimekungoja miezi sita," anamwambia. Kweli amengoja. Lakini je, siku hata moja aliketi pamoja naye katika kilio chake?

Someni pamoja Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amepatana na ndugu yake Esau. Esau anamwambia waongozane. Yakobo anawatazama watoto wake wadogo na mifugo inayonyonyesha, anajua kwamba akiwaharakisha hata siku moja tu, mifugo itakufa. Basi anamwomba Esau atangulie, naye atakwenda polepole, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Huyu ndiye mtu aliyeshindana mweleka usiku kucha, hakukosa nguvu! Lakini nguvu zake alizitia katika kwenda polepole. Hata Bwana wetu Mfufuka, alipowakuta wale wawili wa njia ya Emau, alitembea nao mwendo wao, akawauliza habari zao kwanza. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, alipoumaliza Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizisihi familia zizidi kutembea pamoja.

Tulikaa kileleni zaidi ya saa nzima. Tulipoanza kushuka, rafiki yangu alisema, "Padre, tangulia wewe." Mawe yalikuwa yakiteleza, magoti yangu yakitetemeka, naye alikuwa nyuma yangu. Nilipoketi, aliketi. Hakuinuka mpaka niliposema mimi.

Barabarani hatukupanda gari la kwenda Kisumu moja kwa moja. Tulishukia Kendu Bay. Tukiwa njiani tulipita karibu na ziwa dogo la Simbi Nyaima, na sote tulikumbuka hadithi ya wazee wetu: kikongwe aliyechoka alifika penye sherehe, wakamfukuza, mama mmoja tu akamkaribisha, usiku mvua ikakizamisha kijiji. Hatukusema neno.

Wakwe zake walitupokea kwa heshima. Mke alituletea maji ya kunawa. Baadaye wawili wale waliketi chini ya mti, nami nikabaki ndani na wazee. Najua neno moja tu alilosema mume, maana mkewe aliniambia baadaye: "Sikuja kukuchukua. Nimekuja kukuuliza umechoka wapi."

Mke hakurudi siku ile, wala wiki ile. Kila Jumamosi mume alikwenda, akaketi, akasikiliza, akarudi peke yake. Alirudi naye baada ya Pasaka. Bado wanajifunza.

Wapendwa, Jumapili hii, watoto wakilala, zimeni redio, kisha kila mmoja amjibu mwenzake bila kukatizwa:

1. Katika safari yetu, ni wapi mimi nimetangulia na wewe uko nyuma?
2. Mara ya mwisho ulipopumzika kweli ilikuwa lini?
3. Ni mzigo gani wako ninaoweza kuubeba wiki hii?

Lakini kama nyumbani mwenu kuna kipigo, usianze na maswali haya. Kwanza nenda mahali pa usalama, na umwambie mtu unayemwamini.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na waliochoka, utupe macho ya kutazama nyuma na subira ya kuketi. Utufikishe sote wawili. Amina.