Birika la Mama

Wengi wetu hapa Uingereza tumewapelekea wazee wetu Unguja ekstensheni za kisasa. Plagi ni zile zile za pini tatu. Kila tundu huwashwa na kuzimwa kwa simu kupitia intaneti, na huonyesha umeme unaotumika. Birika la wati 2000 halijifichi. Asubuhi tunatazama: likiwa limeshawaka, twajua mama ameamka, twaenda zetu kazini.

Je, huku ni kumtunza au kumchungulia? Tulipokuwa tukimpigia simu, alichagua la kutueleza na la kutuficha. Sasa twajua bila kuuliza, na ruhusa hatukumwomba. Tumwombe. Na simu tusiache kupiga: birika hutwambia ameamka, halitwambii ameamkaje.