Zawadi za Sikukuu na Mkono wa Jirani

Neno la kutazama: Mithali 20:14



Siku za Majilio zimefika, na kila nyumba imeanza kuhesabu fedha za sikukuu. Mama ahesabu nguo za watoto, baba ahesabu mchele na mbuzi, nao watoto wahesabu siku. Wala sikuja kuikemea furaha hiyo. Katika kitabu cha Nehemia, mlango wa 8, twasoma jinsi watu walivyolia walipoisikia torati, nao wakaagizwa waache kulia, waende kula na kunywa, tena wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Sikukuu bila zawadi haikujulikana hata zamani zile. Neno nitakalo kulinena mwezi huu ni hili: zawadi hiyo tutainunua kwa nani, na kwa namna gani?

Fungueni Mithali pale nilipotaja. Mwenye hekima amchora mnunuzi mmoja. Asimama mbele ya kitu, akitukana na kusema hakifai. Naye akiisha kukipata kwa bei ya chini, ashika njia yake akijisifu. Basi, mstari umekwisha. Mwandishi hakuongeza hukumu wala onyo. Amemchora tu mtu huyo, akatuachia sisi tumtambue. Nami naona si kazi ngumu kumtambua, kwa sababu hukutana naye kila siku ya gulio.

Nawaandikia hasa ninyi mkaao Robanda, na vijiji vilivyo karibu na lango la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti. Kijiji chenu ni kimoja cha vile vitano vilivyoungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, pamoja na Park Nyigoti, Nyichoka, Nata-Mbiso na Makundusi. Mmezoea kuona magari ya wageni yakipita kwenda kutazama nyumbu. Mgeni akisimama, hununua ushanga au kikapu, hulipa, hushukuru, hata hupiga picha pamoja na aliyekisuka. Jirani wa mama yule yule apita kila siku mbele ya kazi hiyo, wala haioni kuwa kitu.

Lakini kumbukeni mwaka 1 uliokuwa na fundisho kubwa. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni zaidi ya 1,500,000. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona na ndege zikaacha kuruka, walifika kama 620,000 tu. Aliyeutungia wageni ushanga alibaki nao mkononi, na aliyewauzia mboga wapishi wa kambi alizila yeye na watoto wake. Ndipo ilipojulikana kwamba mnunuzi asiyehitaji ndege ni jirani. Je, tulimkumbuka jirani huyo siku zile? Na sasa wageni wamerudi, je, tumesahau?

Tazameni desturi yetu tulipo na fedha mkononi. Tukiingia duka kubwa la mjini, Mwanza au Musoma, ambako bei imeandikwa katika karatasi, twalipa kimya kama watu walio kanisani. Tukifika kwa fundi aliyechonga kigoda kwa siku 3, twaanza kuhukumu: mguu huu umepinda, mti huu si mzuri, punguza, punguza tena. Kupatana bei si dhambi. Ni mazungumzo ya soko, na mwenye kuuza huyatazamia, naye hupanga bei yake akiyajua. Lakini iko punguza ya mazungumzo, na iko punguza ya kumwona mwenzako ana mtoto mgonjwa, ukajua hawezi kukataa. Hiyo ya pili ina jina lake katika Amri Kumi.

Ni Amri ya Saba. Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuridhika kutufundisha tusichukue mali ya mwenzetu. Alitaka pia tumsaidie kuistawisha na kuilinda mali yake na riziki yake. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka ule ule aliingia sokoni waziwazi, akawataja wauzao na wanunuao wapatao faida kwa kuwadanganya wenzao. Na kabla ya hapo, mwaka 1524, alikwisha kuandika kitabu juu ya biashara na riba, akiwakemea wafanya biashara walioamini kwamba mtu ana haki ya kuuza ghali kadiri awezavyo. Nadhani angeliishi kwetu angeandika kingine, juu ya wanunuzi wanaoamini kwamba wana haki ya kununua rahisi kadiri wawezavyo.

Hapa nataka kuweka jambo 1 ambalo lanishangaza kila mwaka. Katika sharika zetu, ibada ikiisha, vitu vilivyotolewa kuwa sadaka hunadiwa nje ya kanisa. Kuku hununuliwa kwa bei iliyo karibu na ya mbuzi, mkungu wa ndizi hupandishwa mpaka watu wacheke kwa furaha, na anunuaye mara nyingi humpa mwenzake zawadi palepale. Ni desturi njema sana, na Mungu aizidishe. Lakini siku ya Jumatatu mjane huyo huyo aliyemleta kuku yule apita na kuku wa pili, ndugu yake, nasi twamwambia kwamba ni mdogo, amekonda, hana bei. Je, kuku wa Jumapili alinenepeshwa na mnada?

Tena si bei tu inayoharibika; hata heshima. Wamasai, jirani zetu wa upande wa mashariki, wamewaita wahunzi wao Ilkunono, na tangu zamani hawakutaka kuoana nao, ingawa kila mkuki na kila sime ilitoka mikononi mwao. Wala si Wamasai peke yao. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki mhunzi alihitajiwa na kutengwa kwa wakati mmoja. Sisi tulio wa Bwana aliyekulia katika nyumba ya seremala hatuwezi kuwatazama mafundi kwa jicho hilo. Paulo alishona hema pamoja na Akila na Priskila huko Korintho. Lidia aliuza nguo za zambarau. Na Dorkasi alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro kitu kingine ila kanzu na nguo alizozishona.

Sasa nafika kwenye neno zito zaidi, nalo ni deni. Wengi wetu twanunua zawadi za Krismasi kwa kukopa, tukisema, “Nitakulipa Januari.” Mwenye duka kubwa hakopeshi, kwa hiyo twamkopa mdogo, kwa sababu ni ndugu, au kwa sababu ni Mkristo. Hebu tazameni jinsi jambo hili linavyokwenda. Fundi cherehani ana mtaji wa vitambaa vichache na uzi, alivyovinunua Mugumu kwa fedha taslimu. Washonewao 4 wakichukua nguo bila kulipa, hana fedha ya kurudi Mugumu. Januari shule zafunguliwa, nao ndio wakati wa sare, wakati wa mavuno yake. Naye ameketi mbele ya cherehani isiyo na kitambaa. Sikukuu yetu imemla. Torati (Kumbukumbu la Torati 24:14-15) yaagiza mtu wa mshahara alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, maana ni maskini na roho yake inautazamia. Yakobo naye asema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Bwana.

Nanyi mnaouza, msidhani mmesahauliwa. Fundi aliyeahidi gauni la mtoto kabla ya mkesha, kisha akasema “njoo kesho” mara 3, amemwibia mtoto sikukuu. Asali iliyotiwa sukari ni uongo ndani ya chupa. Jirani haagizwi kununua kitu kibovu kwa ajili ya huruma. Anunue kazi njema kwa bei ya haki. Na nyama ya porini isiyo na kibali isiitwe zawadi, hata ikiletwa usiku na rafiki.

Basi, mwaka huu, mzazi anayetaka kumfurahisha mtoto aweza kumshonea sare ya shule mapema, kwa fundi wa kijijini, akalipa nusu siku ya kupimwa ili uzi upatikane. Mwenye kumzawadia mkwe wake anunue mkeka au kikapu hapo hapo Robanda, wala asikifiche kitokako. Na wazee wa kanisa wafanye jambo 1 zaidi: Jumapili ya mwisho ya Majilio wawakumbushe washarika madeni ya sikukuu iliyopita, bila kutaja jina la mtu. Mwenye deni anajijua. Na fundi bado yupo mlangoni pake, hata jioni.