Ukuta wa Kupanga

Pambo, husema wengi, ni ziada: mtu hula, huvaa, hulipa kodi ya nyumba, na kikibaki kitu ndipo anunue zulia. Daftari la mwaka wa kwanza wa duka langu la mapambo, hapa Sinza, Dar es Salaam, linawaunga mkono kwa sehemu. Januari, mwezi wa ada za shule, hata mto wa kochi hautoki. Idd na Krismasi zikikaribia, mapazia huisha kabla sijafuata mzigo mwingine Kariakoo.

Lakini daftari hilohilo lina jambo ambalo hoja ya ziada hailielezi. Wateja wangu wakubwa si wenye nyumba. Ni wapangaji, wengi wa chumba kimoja au chumba na sebule, waliotoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hawa ndio wanaopima dirisha kwa shibiri, wanaopiga picha ukuta ili rangi zisigombane, na wanaouliza, kabla ya bei, kama kioo kinaweza kusimama bila msumari, maana mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe. Mwenye haja nyingi ndiye anayepamba, tena anapamba mali ya mtu!

Naona anapamba kwa sababu ukuta si wake. Mwenye nyumba ana karatasi ya kumwambia kwamba hapa ni pake. Mpangaji hana, pazia ndilo hati yake. Akihama atalikunja aende nalo, na chumba kitakachofuata kitakuwa chake siku atakapolitundika.

Atatokea wa kusema hayo ni majivuno tu, watu wanawapambia wageni. Majivuno yapo, nenda sebule yoyote. Ila zitazame nyumba za mawe za Lamu. Katika karne ya 18 matajiri wa mji ule walijenga zidaka, vishubaka vya chokaa iliyochongwa, wakapanga humo vyombo vya kauri kutoka Uchina na kwingineko. Hawakuziweka barazani, ambako mgeni wa kawaida huishia. Ziliwekwa ndani kabisa, chumba cha wenyewe.

Kinachonikera ni bei. Kama pambo ni haja, mbona nalitoza bei ya anasa? Bei ya sukari kila mtu anaijua. Ya chombo cha maua tunaijua mimi na aliyeniuzia kwa jumla. Humo gizani ndimo faida inamonenepa. Dada aliyevalia hutajiwa bei moja, mama mwenye kapu la sokoni nyingine, kisha kupatana kukafanya ionekane tumekutana watu wawili walio sawa, wakati mmoja anajua na mwingine anatamani.

Mwaka huu nimeanza kubandika bei. Baadhi ya wateja wamenuna: duka limekuwa kavu, wanasema, hakuna tena "nipunguzie, dada yangu." Wana hoja, kwani kitu alichokipigania mtu hufika nyumbani kikiwa kimeshakuwa chake. Kwa sasa mapazia yana bei. Vioo bado tunapatana.