Uso Tuliopewa na Uso Unaouzwa

Swali tunaloulizwa na akina mama na vijana wa sharika zetu, mara nyingi kuliko maswali ya Utatu au ya ubatizo wa watoto wachanga, ni hili: je, kujipamba ni dhambi? Huja kwa sura nyingi. Huyu anauliza habari za wigi, yule za suruali, mwingine za rangi ya kucha. Jibu hutolewa upesi, kwa kawaida kwa kuitaja 1 Petro 3, na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tunaona swali hili linastahili kutazamwa polepole, na picha za zamani zinaweza kutusaidia.

Huko Unguja, Mji Mkongwe, katika barabara ya Kenyatta, ipo studio iitwayo Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, na baada yake mwanawe Rohit akaiendeleza. Kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe, hata anayeingia kununua picha moja hujikuta yumo katika maonyesho. Wamo masultani, lakini wamo pia watu wa kawaida waliovaa vizuri, na hao ndio tunaotaka tuwatazame. Wazee wetu wanakumbuka jinsi kupiga picha kulivyokuwa siku zile, pwani na bara. Mtu alioga, akapaka mafuta, akavaa nguo iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Aliyekosa saa ya mkononi aliazimwa, tena aliuweka mkono mbele ili saa ionekane. Nyuma yake palikuwa na pazia, pengine lenye mandhari ya kuchorwa ambayo hajapata kuyaona maishani. Mpiga picha alimwinua kidevu kidogo, akamwambia atulie. Picha iliyotoka vizuri zaidi iliwekwa kwenye dirisha la duka kuwavuta wapita njia. Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, ila lilikuwa na uso wa jirani.

Mtu mkali atasema saa ya kuazima ni uongo. Hatukubaliani naye. Mwana mpotevu wa Luka 15 alivikwa vazi lililo bora na pete ambavyo havikuwa vyake, na hakuna aliyesema baba alikuwa anadanganya. Katika Mwanzo 3 Mungu mwenyewe anawashonea Adamu na Hawa mavazi ya ngozi, tena baada ya kuanguka kwao. Katika Ezekieli 16 anaeleza jinsi alivyompamba Yerusalemu kwa vitambaa vya taraza, bangili na taji. Na Luther, anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo, anahesabu nguo na viatu miongoni mwa vipawa vya Muumba, pamoja na mwili na roho, macho na masikio. Wanafunzi wetu wa kipaimara hukariri maneno hayo bila kusimama kwenye viatu. Tunawaomba wasimame hapo. Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyevaa koti lake la pekee na kusimama mbele ya kamera hakuwa anamkana Mungu. Alikuwa anasema: mimi nipo, nami nina heshima.

Miaka hiyo ya 1950 na 1960 picha za mavazi ziliingia pia katika magazeti. Lililovuma sana ni Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na baadaye likasomwa Afrika Magharibi na huku kwetu Afrika Mashariki. Mmoja wa wapiga picha wake alikuwa James Barnor, Mghana aliyezaliwa Accra mwaka 1929. Alikuwa na studio yake mjini humo, akaiita Ever Young, kisha mwaka 1959 akaenda Uingereza. Huko aliwapiga picha wasichana weusi wa London kwa ajili ya jalada la Drum. Katika picha moja maarufu ya mwaka 1966 Erlin Ibreck yuko Kilburn, kando ya gari, amevaa kwa mtindo wa siku zile, anatazama kama mtu asiyehitaji ruhusa ya yeyote kuwapo mahali pale. Magazeti ya mitindo ya Uingereza wakati huo yalikuwa na nafasi ndogo sana kwa nyuso kama ule. Mwaka 2021 picha hizo zilionyeshwa London katika jumba la Serpentine, na watu wengi walisimama mbele yake kwa heshima. Nasi tunazipenda.

Lakini gazeti halina jalada peke yake. Mtu akifungua magazeti ya picha ya miaka ile, Drum likiwamo, anakutana na matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi. Mojawapo lilikuwa la Ambi. Jalada lilimwambia dada mweusi kwamba ni mzuri, nazo kurasa za ndani zikamwambia kwamba angekuwa mzuri zaidi kama asingekuwa mweusi hivyo. Gazeti ni lile lile, na aliyelinunua alizipata habari zote mbili kwa bei moja.

Hapo ndipo swali letu linapobadilika. Picha ya studio humchukua mtu alivyo na kumwongezea pazia na saa. Tangazo la krimu huanza kwa kumpunguza. Haliwezi kuuza kitu mpaka kwanza limwaminishe kwamba ana kasoro, na kasoro yenyewe ni ngozi aliyopewa na Mungu. Sisi Walutheri tumezoea kuiona amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo, kuwa ni amri ya umbeya na mahakama. Tangazo la namna hii nalo ni ushuhuda wa uongo, tena dhidi ya uso. Na kwa kuwa Mwanzo 1:27 inasema uso huo umeumbwa kwa mfano wa Mungu, ushuhuda huo haukomi kwa jirani.

Taifa letu liliwahi kujaribu kulijibu jambo hili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Vimini, wigi, nguo za kubana na krimu za kujichubua viliwekwa katika fungu moja la marufuku, kana kwamba vyote ni ugonjwa mmoja. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vijana wa kiume waliwavamia wanawake huko Kariakoo, wakawashusha katika mabasi na kuwachania nguo. Walisema wanalinda heshima ya Mwafrika. Aliyepoteza heshima siku ile ni binti aliyekuwa anakwenda kazini, wala hatujasikia kwamba mwenye kiwanda cha krimu alichaniwa shati. Tunalitaja hili kwa sababu mahubiri juu ya mavazi, yakikosa uangalifu, hufuata njia ile ile ya Kariakoo.

Tunduma ni mji wa mpaka. Nakonde ya Zambia iko ng'ambo, watu huvuka kwa miguu, na bidhaa huvuka nao. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, lakini hazijaisha mitaani. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, nayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi ambayo ni vigumu kuyaondoa. Wanaochanganya mkorogo hawaandiki hayo kwenye kopo. Wateja wengi ni mabinti wanaojiandaa kwa harusi, kwa sababu ya picha. Anataka katika picha za sendoff aonekane kama yule wa kwenye bango la saluni. Tumefungisha ndoa ambapo bibi harusi alivumilia maumivu ya uso chini ya poda tangu ibada hadi ukumbini. Halafu watu wale wale waliomsifu siku ile humcheka baadaye: uso wa Fanta, miguu ya Coca-Cola. Mzaha huo ni ushuhuda wa uongo wa pili. Kwanza aliambiwa hafai kwa kuwa ni mweusi, sasa anaambiwa hafai kwa kuwa aliamini.

Kwa hiyo binti akituuliza kama kujipamba ni dhambi, tunamjibu hapana. Tunamwomba apake mafuta, asuke nywele, avae kitenge kilichoshonwa vizuri, apige picha na kumpelekea bibi yake. Kisha nasi tunamuuliza: hiki unachotaka kununua, kinakuongezea au kinaanza kwa kukuambia huna kitu? Mara nyingi hujibu mwenyewe.

Swali gumu zaidi linatoka kwa muuzaji. Katika sharika za mpakani wapo akina mama wenye meza za vipodozi, wacha Mungu, watoaji wa sadaka, wanaosomesha watoto kwa meza hiyo hiyo. Mmoja alituambia: Mchungaji, nisipouza mimi atauza wa meza ya pili, na ada ya shule hainisubiri. Hatuwezi kumjibu mama huyo kwa mstari mmoja. Luther katika Katekisimo Kubwa anaiona amri ya saba ikivunjwa sokoni pia, pale mtu anapomuuzia jirani kitu kibovu kana kwamba ni kizima, na hatuoni jinsi mkorogo unavyoweza kukwepa neno hilo. Lakini kumwambia aache, na kumwacha peke yake na ada, ni kumtwika mzigo ambao sisi hatuugusi. Tulichofanya ni kukaa naye, yeye pamoja na viongozi wa umoja wa wanawake, tukahesabu kopo kwa kopo faida inayotoka wapi. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, sabuni na rasta vilimletea zaidi ya nusu. Pengo lililobaki halikuwa dogo. Umoja wa wanawake umelichukua katika mfuko wao wa kukopeshana, kwa muda wa mihula miwili, na makopo yale hayapo tena mezani kwake. Ya meza ya pili bado yapo, na mwenye meza hiyo ni muumini wa usharika wetu vilevile.