Mheshimiwa Aulizwe

Msimu wa kampeni ukifika Kashikishi, hapa kwetu Nchelenge, waheshimiwa huja na vitenge vyenye sura zao, unga na wanamuziki. Kitenge kinapendeza, kivae ukitaka. Lakini huyo aliyekalia kiti miaka nenda miaka rudi asishuke jukwaani kabla hujamuuliza: polisi walipowafyatulia risasi Wazambia wasio na silaha, wewe ulisema nini?

Akijifanya hakumbuki, mkumbushe kwa tarehe. Tarehe 8 Julai 2016, Lusaka, polisi walipowatawanya wafuasi wa UPND, chama kikiwa bado cha upinzani, msichana mmoja alipigwa risasi akafa. Oktoba 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zambia alipoteza maisha katika bweni, baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi. Tarehe 23 Desemba 2020 kiongozi wa UPND, Hakainde Hichilema, aliitwa makao makuu ya polisi kuhojiwa; watu wawili wakauawa kwa risasi, mmoja wao mwendesha mashtaka wa serikali ambaye hata hakuwa mwandamanaji.

Utaniambia hayo ni ya Lusaka. Haya, tazama ng'ambo ya ziwa letu. Oktoba 2004 jeshi la Kongo liliingia mji wa Kilwa kuwafukuza waasi wachache, likaua raia zaidi ya 70. Mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani mtu yeyote kwa mauaji hayo. Jamaa za waliouawa hawakunyamaza, wakaenda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba serikali ya Kongo ina hatia na inapaswa kuwalipa fidia. Kama watu wa Kilwa, waliozika ndugu zao, waliweza kuishtaki dola nzima, wewe wa Nchelenge unaogopa kumuuliza mbunge?

Najua kinachowarudisha wengi nyuma wanapotaka kuandamana ili wamuulize. Wanaamini kwamba kukusanyika ni fadhila ya mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma ililetwa na wakoloni mwaka 1955, na kila aliyeingia Ikulu tangu uhuru ameikuta mezani akaiona tamu. Wanapokuwa upinzani huilaani, wakishaapishwa, huitumia. Lakini Januari 1996, katika kesi ya Christine Mulundika na wenzake 7, Mahakama ya Juu ilifuta kifungu kilichowalazimu raia kuomba kibali. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria: unachopeleka ni taarifa, siku 7 kabla. Polisi wakisema hawawezi kulinda mkutano wako, wanatakiwa kutoa sababu kwa maandishi na kupendekeza tarehe nyingine. Usiporidhika unakata rufaa kwa waziri, na baada yake Mahakama Kuu.

Kwa hiyo usiende kituoni kuomba. Nenda na barua yenye nakala mbili, moja igongwe mhuri wa tarehe urudi nayo. Waseme kwa mdomo "haiwezekani", wewe sema kwa upole: naomba jibu la maandishi, afande. Siku ya kuandamana, mwenye jiwe mkononi abaki nyumbani, maana jiwe moja litatangazwa kuliko madai yenu yote. Wawepo wa kupiga picha. Akipigwa mtu, apelekwe hospitali, cheti cha matibabu kihifadhiwe, na malalamiko yaende Tume ya Malalamiko ya Umma dhidi ya Polisi.

Hili linawezekana, na Wazambia wameshalifanya. Mwaka 1961, katika vuguvugu la Chachacha la kudai uhuru, watu wa mkoa wetu wa Luapula walikuwa miongoni mwa waliomtikisa mkoloni kwa kuchoma vitambulisho vyake. (Madaraja yaliyovunjwa wakati ule sisemi myavunje tena, yapo machache ya kutosha.) Mwaka 2001 Rais Frederick Chiluba alitaka muhula wa tatu. Wanasheria, makanisa na vyama vya wanawake wakaungana katika Jukwaa la Oasis. Watu wakavaa utepe wa kijani na kupiga honi za magari kila Ijumaa jioni. Tarehe 4 Mei Chiluba akatangaza kwamba hagombei. Na Agosti 2021, miezi minane baada ya risasi za makao makuu, Rais Edgar Lungu alipata kura milioni 1.8 na mpinzani wake, Hichilema, milioni 2.8.

Kosa letu ni kulala baada ya sherehe. Hichilema mwenyewe alikaa korokoroni zaidi ya siku 100 mwaka 2017 kwa shtaka la uhaini, lakini hata chini ya serikali yake wapinzani wameendelea kulalamika kwamba mikutano yao inazuiwa. Hakuna chama kinachostahili kuaminiwa bila kuulizwa, hata kile ulichokipigia kura.

Andikeni barua ya kwanza wiki hii. Iwe na majina ya wavuvi, wauza chisense, walimu na wanafunzi, ieleze siku, saa na njia mtakayopita, na mheshimiwa apelekewe nakala ili ajue mnamsubiri ajibu hadharani. Kituoni msimtume mtu mmoja. Nendeni kumi.