Ukuta wa Darini na Upepo wa Breki



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, imo amri ambayo ni nadra kuhubiriwa. Mtu akijenga nyumba yampasa kuizungushia dari yake ukuta, ili asiwe na hatia ya damu mtu akiporomoka. Madari ya nchi ile yalikuwa bapa, na watu wakipanda kupumzika jioni. Tazameni, Musa hakuwaagiza Waisraeli wawaombee wageni wao wasianguke. Aliwaagiza wajenge ukuta. Huku Kilosa paa zetu zimeinama, wala hapandi mtu isipokuwa fundi. Lakini sharika zetu zina motakaa kuukuu, na watu wa Mungu hupanda humo wakituamini.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Zile za mfululizo wa tatu zilitengenezwa tangu 1971 hata 1985. Basi hata iliyo changa katika hizo ni mzee wa kanisa. Toka Kilosa twapita Ulaya (hii ya kwetu, si ile ya ng'ambo) hata kufika Mikumi. Hapo yapita barabara kuu ya Zambia, na malori yake mazito. Ukishika upande wa Morogoro, wapita kama kilomita 50 ndani ya hifadhi iliyowekwa mwaka 1964, na tembo hatoi ishara akitaka kuvuka. Ukishika upande wa Iringa, wakungoja milima ya Iyovi, kisha mteremko wa Kitonga. Je, ni mahali pa kwenda na breki za kubahatisha?

Hata hivi madereva wengi husema, “Breki ziko, ila lazima uzipige mara tatu.” Maana yake nini? Mguu hukanyaga, masta silinda husukuma mafuta, mafuta husukuma viatu vya breki vigusane na dramu. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Upepo hushindilika. Ukiingia ndani ya mabomba, nguvu yote huishia kuubana upepo, na gurudumu laendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyekanyaga. Tena nyingi katika gari za zamani zina mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, yote manne yamekwisha. Breki ya mkono ya gari hizi hushika mhimili ulio nyuma ya giaboksi, nayo ni ya kusimamisha gari lililokwisha kusimama, si ya kuokoa kwaya mteremkoni.

Kila ulegevu si upepo, na fundi mwenye haraka hupoteza mafuta bure. Pedali ikienda chini mara ya kwanza, kisha ya pili ikawa juu na ngumu, aghalabu viatu viko mbali na dramu, vikazwe kwanza. Ikiwa laini kama sponji, huo ndio upepo. Ikishikiliwa ikazama polepole hata chini, wala hakuna tone nje, mipira ya masta silinda imechoka. Na mafuta yakipungua kila wiki, liko tundu mahali. Kutoa upepo bila kuliziba ni kuteka maji kwa pakacha.

Kazi yenyewe yataka watu wawili. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe. Anzeni na gurudumu lililo mbali kuliko yote na masta silinda. Usukani ukiwa kulia, ni la nyuma kushoto. Mpira mwembamba uvishwe kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake izame katika chupa yenye mafuta safi ya breki. Mmoja akanyage taratibu, mwenziwe afungue. Naye afunge kabla mguu haujainuka, la sivyo upepo hurudi ndani. Endeleeni hata mapovu yakome, mkijaza kopo la juu kila mara. Katika gari refu la inchi 109 gurudumu la mbele lina silinda mbili, na upepo hupenda kujificha katika ile ya juu. Hapo yahitajiwa saburi. Yaliyotoka yasirudishwe. Wala mtu ye yote asitie mafuta ya injini au maji: ya kwanza huvimbisha mipira, na maji huleta kutu, tena huchemka mteremkoni yakawa mvuke. Hata mafuta mema hunyonya unyevu wa hewa, basi yabadilishwe kila miaka miwili.

Lakini shida yetu kubwa si ujuzi. Dereva ajua, naye aogopa kumwambia mchungaji. Mtunza hazina ameambiwa, naye asema fedha za breki zingoje mavuno. Siku ya safari twasimama kulizunguka gari, twafumba macho, twaomba ulinzi. Ndugu, Bwana wetu alipowekwa juu ya kinara cha hekalu akashawishiwa ajitupe chini kwa kuwategemea malaika, alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Sala ya mtu aliyekwisha kusikia habari ya breki, naye akanyamaza, yafanana na nini? Twasema wazi: mzee wa kanisa aliyezuia fedha hizo ana neno la kujibu kabla ya dereva.

Kazi ikiisha, gari lijaribiwe tupu, polepole, uwanjani. Liachwe usiku kucha, na asubuhi dereva atazame kopo la mafuta pamoja na mzee mmoja. Yakiwa yamepungua, kwaya iende Mikumi kwa basi, na nauli itoke katika mfuko wa usharika.